Magari Moshi Mawili ya Unguja na Chuma Tunachoendelea Kukivunja

Mjumbe wa Baraza la Wawakilishi anayekwenda kikaoni Chukwani asubuhi hupita Mbweni bila kujua, na wala si kosa lake, kwamba anaelekea kulekule ilikokuwa ikienda reli ya Sayyid Bargash bin Said, Sultani wa Zanzibar. Reli hiyo ilianza kujengwa 1879, maili 7 kutoka kasri ya Sultani mjini hadi kasri yake ya Chukwani. Mwanzo mabehewa mawili ya kifahari yalivutwa na baghala. Mwaka 1881 Sayyid Bargash akaagiza injini ya mvuke kwa W. G. Bagnall, kiwanda cha mji wa Stafford huko Uingereza: injini ndogo ya magurudumu manne, iliyobeba maji yake yenyewe bila kuburura behewa la maji nyuma. Tarehe hiyo inafaa kupimwa na za jirani zetu. Ujenzi wa reli ya Tanga ulianza 1893, na wa Mombasa 1896. Nairobi ilikuwa bado haijazaliwa.

Sultani alifariki Machi 1888. Reli ikang'olewa, injini ikavunjwa, basi. Tangu mvuke wa kwanza hadi chuma chakavu haikupita miaka kumi.

Ya pili ilikuja kutoka upande mwengine wa dunia. Arnold, Cheney, kampuni ya Kimarekani iliyokuwa ikifanya biashara ya pembe za ndovu, ilijenga reli nyengine ya maili 7, safari hii kuelekea kaskazini, kutoka mjini hadi Bububu. Ilifunguliwa 1905, zama za Sayyid Ali bin Hamud. Ngome Kongwe, ambayo leo watu huingia kutazama ngoma na filamu, ilitumika kama karakana na bohari ya reli hiyo. Serikali ikainunua 1911. Mwaka 1922 ikaacha kuchukua abiria, kwa sababu barabara ilikuwa imeshatengenezwa na magari ya petroli yalikuwa yakifika kila ilikofika treni, na isikofika treni pia. Baada ya hapo injini zake zikapewa kazi ya mwisho, kukokota mawe ya kujazia bahari bandarini. Kisha nazo zikaondoka. Sehemu kubwa ya njia yake ikalaliwa na barabara, na leo abiria wa daladala ya 502 anapita juu yake.

Nataka tuziangalie vifo hivi viwili kwa makini, maana havifanani. Reli ya Chukwani ilikufa na mwenyewe. Ilikuwa mali ya mtu mmoja, ikimpeleka yeye na jamaa zake kwenye kasri ya mapumziko. Alipoondoka hakukuwa na mtu wa pili mwenye haja nayo. Reli ya Bububu haikuwa hivyo. Ilipandwa na watu wa kawaida, ilibeba mizigo yao ya sokoni, na ilikuwa na behewa maalumu la daraja la kwanza kwa wageni walioshuka kwenye meli wakitaka kuona shamba kabla meli haijang'oa nanga. Hii iliuawa na hesabu: gharama upande mmoja, mapato upande mwengine, na lori likashinda. Sultani na mhasibu wanatofautiana kwa kila kitu, ila hapa walikutana. Kitu kikishamaliza kazi yake, thamani yake imebaki kwenye uzito wa chuma chake.

Mtazamo huo bado tunao. Ndiyo sababu ya kuandika makala hii.

Zanzibar tunajua kuhifadhi, nisije nikaeleweka vibaya. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na kabla ya hapo wapo watu waliotoa umri wao kupima kuta, kuandika milango na kugombana na wenye nyumba waliotaka kuweka madirisha ya alumini. Tunajua chokaa gani inafaa ukuta wa mawe ya matumbawe na kwa nini saruji inauua. Tunajua boriti za mikoko. Lakini mpaka leo, ukisema neno urithi, macho ya watu wetu yanakwenda kwenye jiwe, mbao na karatasi. Chuma hakimo. Mashine hazimo. Na hili ni jambo la ajabu katika mji ambao jengo lake maarufu kuliko yote, Beit al-Ajaib la mwaka 1883, lilipata umaarufu wake kwa nguzo za chuma, taa za umeme na lifti. Maajabu yaliyolipa jengo jina yalikuwa ni mitambo.

Ndiyo maana siichukulii injini ya Bagnall kama mchezo wa tajiri. Bargash alijaribu kuchukua kiti cha enzi 1859, akashindwa, akapelekwa Bombay. Mji huo ulikuwa na treni tangu 1853, ya kwanza kwa abiria India nzima, na hapo alikuwapo kijana wa kifalme asiye na kazi, mwenye muda wa kutazama. Alirudi, akatawala kuanzia 1870, na mwaka 1875 akaenda London kwa ziara ya kiserikali. Ukiyapanga mambo yake ya baadaye, maji ya bomba kutoka Chemchem hadi mjini, meli za mvuke, umeme, reli, unaona mtu aliyekuwa na picha ya mji kichwani, akiileta kipande kwa kipande kwenye meli. Kimbunga cha 1872 kiliangamiza minazi, mikarafuu na meli zake, na bado akaagiza nyengine. Reli ya milima ya Darjeeling, ambayo leo India inajivunia kama urithi wa dunia, ilijengwa kati ya 1879 na 1881. Ni miaka ileile. Waliihifadhi yao, nasi ya kwetu tukaivunja kabla kizazi kilichoizoea hakijazeeka.

Hata meli ya Bargash iliyoitwa Glasgow ilipita njia hiyo. Ilizamishwa bandarini tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vya Uingereza na Zanzibar vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia, na milingoti yake ikabaki imesimama juu ya maji kwa miaka mingi, kila anayeingia Unguja akiiona. Mwaka 1912 mabaki yakavunjwa. Chuma, tena.

Wapo watakaoniambia: hayo yalikuwa ya wakoloni na masultani, sisi yanatuhusu nini? Naliheshimu swali hili, maana limebeba kumbukumbu ya kweli. Reli ya Bububu haikuwa tamu kwa kila mtu. Cheche zake zilikuwa zikiruka na kuunguza mashamba na mapaa ya makuti yaliyokuwa karibu na njia. Kelele na masizi yake vilikuwa vya watu waliokaa vichochoroni, na behewa la daraja la kwanza lilikuwa la wageni. Picha za kadi za posta za enzi hizo zinaonyesha treni ikipita kwenye mtaa mwembamba wa mji. Reli iko hatua chache tu kutoka kwenye vizingiti vya maduka, na wanaume wenye kanzu wamejibana kwenye kuta kuipisha. Ukiitazama picha hiyo sawasawa utaona pia kwamba waliokuwa wakiiendesha, wakichochea moto, wakipakia mawe na kunyoosha reli baada ya mvua za masika, walikuwa watu wa hapa. Hao hawakuandikwa popote. Kasri huwa na jina la aliyelijenga, lakini mashine ndiyo pekee inayobaki na alama za mikono ya aliyeifanyia kazi: mpini ulioliwa na viganja, bamba lililopigwa kiraka na fundi ambaye hakusubiri kipuri kutoka Ulaya. Ukiitupa mashine umemtupa na yeye, na huyo ndiye babu wa wengi wetu, si Sultani.

Sasa nije kwenye hali ya leo, na hapa ndipo penye haraka. Simama kwenye yadi yoyote ya vyuma chakavu huko Ng'ambo utazame kinachoshushwa kwenye mkokoteni. Mengi ni friji, rimu za gari, nondo, mabati. Lakini mara moja moja huja kitu cha aina nyengine. Nimeliona gurudumu zito la mashine ya zamani, lenye upana wa karibu mita moja, na kwenye ukingo wake herufi za kiwanda zilizomiminwa pamoja na chuma chenyewe, nusu zimeshaliwa na kutu. Kijana alijaribu kulikata kwa gesi, halikukatika vizuri. Chuma cha kumimina hakikubali mwali kama bamba la kawaida. Akachukua nyundo kubwa. Kilipasuka kwa pigo la tatu au la nne, na ndani kilikuwa kijivu, chenye chembechembe kama sukari guru iliyovunjwa. Vipande vikapimwa, pesa zikalipwa, gurudumu likawa kilo. Kijana hana lawama, anatafuta riziki yake kwa njia ya halali. Hakuna aliyemwambia kwamba kitu chenye herufi kama zile kinafaa kuulizwa kwanza. Wala hakukuwa na mahali pa kuuliza.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Milango ya Mji Mkongwe ina daftari. Mashine za kukamulia nazi, vinu vya miwa, pampu za mashambani, winchi za bandarini, mizani za karafuu, vifaa vya matishari, hivyo havina. Kazi ya kwanza kabisa, kabla ya mtu yeyote kuota kurudisha treni, ni daftari hilo. Haihitaji wafadhili wala jengo. Inahitaji wanafunzi wawili watatu kwa kila wilaya wenye simu ya kupigia picha, futi ya kupimia, na mzee mmoja wa kuwaambia kitu hiki kilikuwa kinafanya nini.

Kuhusu treni yenyewe, kila inapozungumzwa hifadhi ya injini za mvuke kuna kambi mbili, na najua niko ipi. Kambi moja inataka injini iwake, itembee, ipige honi. Nyengine inataka itulie chini ya paa. Kwa Unguja mimi ni wa paa, na sababu zangu ni za kifundi zaidi kuliko za moyo.

Injini ya mvuke kwa maumbile yake hujila yenyewe. Moto uko kwenye tanuri, hewa yake ya moto hupita kwenye mirija iliyozungukwa na maji ndani ya boila, maji yanachemka yakiwa yamefungiwa. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke kwenye hewa ya kawaida hutaka nafasi ya zaidi ya lita 1,600; ndani ya boila nafasi hiyo haipo, kwa hiyo inageuka kuwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayosukuma pistoni. Kila siku ya kazi chuma kinapanuka na kusinyaa. Mirija huchoka, ribiti hulegea, mabamba huliwa na kuwa membamba. Ndiyo maana Uingereza boila ya injini ya urithi hufunguliwa yote kila baada ya takriban miaka 10, na mara nyingi kinachorudi si kile kilichotoka. Flying Scotsman, injini ya mwaka 1923, ilinunuliwa 2004 kwa paundi milioni 2.3 na ukarabati wake uliomalizika 2016 ukala nyengine milioni 4.2. Hiyo ni nchi yenye viwanda vya kutengeneza boila na mafundi wazee waliojaa kwenye vilabu vya kujitolea.

Kisha weka mazingira yetu juu yake. Kisiwa chetu ni cha matumbawe, na maji yanayopita kwenye mawe hayo huchukua chokaa. Kila mama wa Unguja anaujua ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika. Ukoko huohuo ukiganda kwenye mirija ya boila unazuia joto lisifike kwenye maji, chuma kinapata moto kupita kiasi, na hapo ndipo maboila yanapopasuka na kuua watu. Nje ya boila kuna hewa ya chumvi, ambayo hailali usiku wala mchana. Mashine ya chuma iliyoachwa wazi Malindi haiwezi kupewa miaka kama iliyoachwa wazi Dodoma.

Wenzetu wa Nairobi wametuonyesha kinachowezekana. Makumbusho ya reli yao yalifunguliwa 1971, na ndani yake wamo majitu wawili wa aina iliyoitwa daraja la 59, injini zilizojengwa na Beyer Peacock wa Manchester kati ya 1955 na 1956 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki. Zilijengwa 34, kila moja ikiwa na uzito wa tani 250 hivi, na kila moja ikapewa jina la mlima. Zilizobaki ni mbili, Mount Gelai na Mount Shengena. Milima hiyo yote miwili iko Tanzania, mmoja karibu na Ziwa Natron na mwengine Upare. Zile 32 nyengine, pamoja na iliyoitwa Kilimanjaro, zilikatwakatwa. Na hizo mbili zisingebaki kama reli isingeanzisha makumbusho yake wakati injini zilikuwa bado kazini, zikiwa na mafuta kwenye viungo. Wangengoja ziwe nadra kwanza, wangekuta herufi tupu kwenye yadi.

Sisi hatuna injini ya kuokoa. Bagnall ya Sayyid Bargash haipo, za Bububu hazipo. Basi tufanyeje? Kuna wanaopendekeza kuagiza treni ya kitalii yenye bomba la moshi la bandia, iwe inazunguka Forodhani. Napinga kwa nguvu zangu zote. Kitu kama hicho kingefuta historia ambayo bado haijaandikwa, kwa sababu mtoto akishaliona lile bati lililopakwa rangi hataona haja ya kuuliza la kweli lilikuwaje.

Lakini tunao mfano wetu wenyewe wa kufuata, na haukutoka Ulaya. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za kumbi bila msumari, ulikuwa umeshatoweka katika mwambao wetu wote. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mafundi wa hapa Unguja walijenga mmoja wa ukubwa wa kweli, ukawekwa katikati ya Beit al-Ajaib. Kwa vijana wengi wa umri wangu na walionifuata, ule ndio mtepe. Tuliweza kuuzunguka, kuona mshono unapita tundu gani na kurudi wapi, kuelewa kwa mwili kwamba watu walivuka bahari kwa kamba. Kilichoupa heshima ni kwamba waliujenga kwa kuuliza: walitafuta picha, vifani vya zamani, na mikono iliyokuwa bado inakumbuka kushona. Kuporomoka kwa jengo lile Desemba 2020, na watu wawili kupoteza maisha, kulitukumbusha pia kwamba hata kile tulichokubali kuwa urithi kinahitaji kutazamwa kila mwaka na si siku ya sherehe.

Injini ya Chukwani inaweza kujengwa kwa njia hiyo, ya ukubwa wa kweli, isiyowaka moto, upande mmoja umefunguliwa ili tanuri, mirija na pistoni vionekane. Injini ndogo za Bagnall za miaka ya baadaye bado zinatembea katika reli za hifadhi Uingereza, kwa hiyo vifani vya kupimia vipo. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume iko Mbweni, upande uleule wa njia ya Bargash, na ina vijana wanaojifunza kuchomelea na kukereza vyuma. Wapeni kazi hii wanafunzi wa miaka miwili mitatu mfululizo. Watakosea, watarudia, na watatoka wakijua ufundi ambao hausomwi ubaoni.

Wenye kujua mvuke nao wapo. Nendeni Pemba, kwenye kiwanda cha makonyo pale Wawi. Kule mvuke unapitishwa kwenye makonyo ya karafuu, unachukua mafuta, unapozwa, mafuta yanatengana na maji. Pemba haikuwahi kupata reli, karafuu zake zilitoka mashambani kichwani, kwa punda na kwa gari, lakini ndiko waliko watu wanaoishi na boila kila siku: wanaojua sauti yake ikiwa sawa na sauti yake ikiwa na jambo, kiasi cha kuni, wakati wa kupunguza moto. Wakae na wale vijana wa Karume, na maneno yao yarekodiwe. Na kiwanda hicho nacho kiingie kwenye daftari sasa, kikiwa hai. Siku mitambo yake itakapobadilishwa kwa mipya, isije ikaonekana mkokotenini.

Njia za reli nazo zipigwe ramani. Kwenye Nyaraka za Taifa pale Kilimani, makaratasi ya zama za reli ya Bububu yatafutwe na yalinganishwe na barabara ya leo, ili kila barabara inapopanuliwa wahandisi wawe wanajua wanachimba wapi. Kipande cha reli kikitokea chini ya lami kisipakiwe na kifusi. Ngome Kongwe iwekwe bamba, kwa Kiswahili kwanza, linaloeleza kwamba hapa palikuwa na karakana ya treni. Magenge ya watalii wanaopita pale kila siku wanaelezwa habari za Wareno na Waomani tu.

Na kwa wanunuzi wa vyuma chakavu nina pendekezo moja linaloweza kuanza wiki hii bila sheria mpya. Chochote kinacholetwa kikiwa na jina la kiwanda au mwaka uliomiminwa kwenye chuma kiwekwe kando kwa wiki mbili, kipigwe picha, na picha itumwe kwa namba moja ya simu itakayobandikwa kwenye kila yadi. Aliyekileta alipwe kilo zake siku hiyohiyo kama kawaida. Kikionekana kina maana, makumbusho yamrudishie mnunuzi pesa zake na nauli ya gari juu.